Mkonga umeng'olewa injini: ya kufanya na ya kuacha kabla haijarudi

Injini ikishaning'inia kwenye cheni bloku, kila aliye gerejini anageuka mshauri. Dereva anataka ringi mpya za pistoni. Fundi anataka hedi, kichwa cha injini, ifunguliwe "tuone hali yake". Muuza spea anasema seti nzima ya ovahoo (kuifanya injini upya) ipo, na bei ni ya leo tu. Mwenye gari aliyekuja kwa sababu ya oili inayodondoka anaondoka jioni na karatasi yenye hesabu ya injini nzima. Simulizi hii inafuata kazi moja ya aina hiyo kwenye mkonga, yaani pikapu ya Land Cruiser, tangu siku ya vipimo hadi gari lilipofikisha kilomita 1,000 kwa makadirio baada ya kufungwa, pamoja na makosa yaliyofanyika na yalivyogharimu.

Gari lenyewe ni Land Cruiser pikapu, HZJ75 ya mwaka 1997, mkonga wa kubeba saruji, mahindi na watu. Injini ni 1HZ: dizeli ya silinda sita, cc 4,164, haina tabo wala kompyuta. Odometa ilikufa zamani, kwa hiyo hakuna ajuaye imetembea kilomita ngapi, na mtu akikutajia namba mwombe daftari. Malalamiko yalikuwa matatu. Oili ilidondoka pale injini inapokutana na giaboksi na klachi ikawa inateleza mlimani. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imeliwa na kutu hadi inatoa jasho la oili. Na mbele, chini ya kava ya gia, kulikuwa na unyevu wa siku zote uliokusanya vumbi mpaka likawa kama ugali mweusi.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Klachi na sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, hufikiwa kwa kushusha giaboksi peke yake. Kama tatizo lako ni hilo tu, usikubali injini ing'olewe. Unalipia jasho lisilohitajika. Kilichofanya kuing'oa kuwe na maana ni kwamba sampu na kava ya mbele vilihitaji kazi wakati uleule, na kava ya mbele huwezi kuifunga vizuri bila kugusa sampu. Ukijumlisha saa za kulala chini ya gari kwa kazi tatu tofauti, kuinua injini mara moja ni nafuu.

Vipimo huchukuliwa injini ikiwa bado inaunguruma. Ikishalala sakafuni haikuambii kitu. Kwanza ilioshwa kwa dizeli na sabuni, ikakaushwa, ikapakwa poda ya mtoto kwenye maeneo yaliyokuwa na unyevu, kisha gari likaendeshwa siku mbili. Poda huonesha njia ya oili kama nyayo kwenye mchanga. Ikabainika kwamba sehemu ya oili iliyodhaniwa kutoka sili ya nyuma ilikuwa inatoka juu, kwenye gaskit ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, inateremka mgongoni mwa bloku na kudondokea kwenye nyumba ya klachi. Sili ya nyuma nayo ilikuwa inavuja, lakini kama fundi angebadilisha sili peke yake, matone yangeendelea na lawama ingemwangukia fundi. Harufu nayo inasaidia: oili ya giaboksi inanuka kama kiberiti kilichoungua, oili ya injini ya dizeli ni nyeusi na inanuka moshi.

Kisha kompreshani, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Injini iwe ya moto, betri ijae, hita plagi (za kupasha silinda moto kabla ya kuwasha) zote sita zitolewe, waya wa swichi ya kukata dizeli kwenye pampu uchomolewe, halafu geji ifungwe kwenye tundu la hita plagi na stata izungushwe hadi sindano isimame. Majibu yalikuwa 31, 30, 31, 28, 30 na 31, kwa kilo kwa kila sentimita ya mraba. Namba yenyewe inabadilika kulingana na geji na nguvu ya betri; cha kutazama zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Kwa dizeli hizi za Toyota tofauti isizidi kilo 5. Hapa ilikuwa 3, na silinda ya nne iliwekewa alama ya kuangaliwa. Silinda ikiwa chini sana, tia oili kiasi cha kijiko cha chai, si zaidi kwa kuwa nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo, kisha pima tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gaskit ya hedi. Kifuniko cha oili kilifunguliwa injini ikiwa taratibu: moshi ulikuwa mwembamba, hakuna kupuliza. Rejeta haikuwa na mapovu. Maji hayakuwa na oili wala oili haikuwa na maziwa.

Kipimo cha nguvu ya oili kilirukwa. Swichi ya oili ina nyuzi zake, kiungio cha kufungia geji hakikuwepo, na ilikuwa Ijumaa jioni, kila mtu anataka kwenda nyumbani. Hilo ndilo kosa la kwanza. Injini ya namna hii ikiwa ya moto inatakiwa kutoa angalau kilo 0.3 ikiwa taratibu na kati ya 2.5 na 6 kwenye mizunguko 3,000. Bila namba hizo, hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kama bea za chini, zile krenki inazozungukia, ni nzima, na baadaye ilibidi zifunguliwe kutazamwa. Kiungio kingenunuliwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Kabla spana haijaguswa, ukubaliane na fundi mambo matatu: ufundi ni kiasi gani kwa kazi nzima na si kwa siku, spea za zamani zote zinarudi mkononi mwako, na hakuna kinachofunguliwa zaidi ya kilichotajwa mpaka akupigie simu. Hili la tatu ndilo linalookoa fedha.

Kupanga kipi kibadilishwe kulifanywa kwa maswali mawili. La kwanza: kitu hiki kikifa miezi sita ijayo, kitanilazimu kushusha giaboksi au kuinua injini tena? Kama ndiyo na bei yake ni ndogo, kinabadilishwa hata kama kinaonekana kizima. La pili ni la vitu ghali: kuna kipimo kinachosema kimechoka? Kama hakuna, kinaachwa. Kwa maswali hayo zikaingia sili ya nyuma na ya mbele ya krenki, sili ya kamshafti (shafti inayofungua valvu), gaskit ya tapeti kava, gaskit za kipoza oili, wota pampu, thamostati, mipira yote ya maji ikiwemo ile mifupi ya nyuma ambayo mkono hauifikii injini ikiwa ndani, mikanda miwili ya feni, seti ya klachi, mauntini (mipira ya kuegemea) za injini na giaboksi, na vizibo vya chuma vya matundu ya maji ya bloku. Zikabaki nje hedi, pistoni, ringi na pampu ya dizeli.

Kung'oa kwenyewe hakuna siri, lakini kuna adabu yake. Waya hasi wa betri unatoka kwanza. Boneti iwekewe alama ya kalamu kwenye bawaba ili irudi palepale. Maji na oili vishushwe kwenye vyombo safi uone kilichomo. Kompresa ya AC kama ipo isifunguliwe mabomba. Ifungwe kwa kamba pembeni na gesi yake. Mabomba ya dizeli yakitolewa, kila mdomo uzibwe papo hapo kwa plastiki safi, si kwa kitambaa, maana nyuzi za kitambaa zinaishia kwenye nozeli. Giaboksi ya gari la magurudumu manne ni nzito pamoja na transfa, hivyo ilibaki garini ikiwa imeegemezwa kwenye jeki na gogo, injini ikavutwa mbele na juu. Cheni bloku iwe ya tani mbili na iningʼinie kwenye chuma kilichosimikwa. Tawi la mwembe limeshaua watu.

Kosa la pili lilitokea saa hiyohiyo: bolti zote zilitupwa kwenye ndoo moja. Bolti za nyumba ya klachi zina urefu tofauti, za kava ya mbele vilevile. Bolti ndefu kwenye tundu fupi hufika mwisho kabla haijabana. Fundi anahisi imekaza, kumbe kava haijabanwa, na akiongeza nguvu anapasua alumini. Ilichukua karibu siku nzima kuzipanga upya kwa kujaribu moja moja kwa vidole. Njia rahisi ni kipande cha boksi: chora umbo la kava, toboa matundu, chomeka kila bolti mahali pake. Simu nayo ipige picha kila waya kabla ya kuchomolewa.

Usafi ndio ulioamua mengine yote. Uchafu wa nje ulikwanguliwa na kuoshwa kwa dizeli na brashi ngumu, kila tundu likiwa limezibwa. Nyuso za gaskit zilisafishwa kwa kisu cha kukwangulia na subira. Ile mashine ya mkono yenye kitambaa cha msasa inavutia kwa sababu inang'arisha kwa dakika mbili, lakini inaacha unga mgumu unaoingia kwenye oili na kukwangua bea, tena inachimba alumini ukabaki na shimo ambalo hakuna gaskit itakayolijaza. Kama injini iko wazi, msasa wa mashine usiikaribie.

Sampu iliposhuka, chujio la wavu la kufyonzea oili lilikuwa limezibwa karibu robo na vipande vya silikoni nyekundu, mabaki ya fundi aliyepita aliyeamini kwamba gundi nyingi ndiyo inayozuia kuvuja. Gundi ikizidi hutokeza pande zote mbili. Ya nje unaiona, ya ndani inakatika na kwenda kuziba njia ya oili. Mstari wa milimita 3 hadi 5 unatosha, uzunguke kila tundu la bolti kwa upande wa ndani, na kifuniko kifungwe ndani ya dakika 5 kabla haijaanza kukauka. Nyuso zote mbili ziwe kavu kabisa, zimepanguswa kwa petroli. Sampu yenyewe ilichomelewa kiraka, ikajazwa maji usiku kucha kuona kama inatoa jasho, ikapakwa rangi. Mpya ingekuwa bora, ila bei yake ilimkatisha mwenye gari tamaa, na kiraka kilichochomelewa vizuri kinafanya kazi.

Kwa kuwa nguvu ya oili haikupimwa, kofia moja ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) na moja ya krenki zilifunguliwa. Kila kofia ina upande wake na konrodi yake. Weka alama kwa kalamu ya rangi, usipige namba kwa patasi. Kipande cha uzi wa plastiki wa kupimia kiliwekwa kati ya bea na krenki, kofia ikafungwa kwa toki renchi, ikafunguliwa, na upana wa uzi uliobanwa ukalinganishwa na karatasi yake. Nafasi ikivuka milimita 0.10, bea zimemaliza kazi. Hizi zilikuwa karibu nusu ya hapo, rangi ya kijivu sawasawa, shaba haijatokeza, krenki haina mikwaruzo ya kushikwa na ukucha. Zilipakwa oili na kurudishwa zilezile. Fundi hakufurahi, alishaagiza seti mpya kichwani mwake. Lakini bea mpya juu ya krenki isiyopimwa kwa maikromita ni kubahatisha, na kuipima kwa haki kunataka krenki itoke, na krenki ikitoka umeshaingia kwenye ovahoo kamili bila kuamua. Ni kweli ndugu yake mwenye tabo, 1HD-T, alijulikana kwa kula bea za konrodi, na wanaobadilisha zile mapema wana sababu. Hofu hiyo isihamishiwe kwenye 1HZ kwa kufanana kwa herufi.

Kuhusu hedi, hapo ndipo mabishano yalikuwa makali. Hedi ikifunguliwa, gaskit ya zamani imekwisha kazi. Mpya huja kwa unene tofauti kulingana na pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, kwa hiyo ukinunua yoyote iliyo dukani unaweza kubadilisha kompreshani bila kujua. Hedi itapelekwa kuchongwa, nyufa ndogo kati ya valvu zitaonekana na kutia hofu, valvu zitasagwa, na mtu atasema "sasa si tuweke na ringi". Ringi mpya kwenye silinda zilizong'aa kama kioo, bila kukwaruzwa kwa mawe yake, hazikai. Gari linatoka gerejini linakula oili kuliko lilivyoingia. Injini yenye kompreshani inayolingana, isiyochemsha, isiyotoa moshi wa bluu, haina sababu ya kufunguliwa kichwa. Ilibaki imefungwa.

Kilichofanyika juu ni kupima nafasi za valvu, kazi ya saa moja injini ikiwa kwenye stendi na filagaji (bapa za kupimia nafasi) mkononi. Ikiwa baridi, valvu za kuingiza hewa ziwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, za kutoa moshi kati ya 0.35 na 0.45. Ile silinda ya nne iliyokuwa na kilo 28 ilikutwa na valvu ya moshi yenye 0.20. Valvu ya dizeli huingia taratibu kwenye kiti chake kadiri miaka inavyokwenda, nafasi inapungua bila kupiga kelele, na siku moja haifungi kabisa ikiwa ya moto, inaungua. Watu husubiri mlio wa tapeti ndipo wapime, wakati valvu inayokaribia kufa ndiyo iliyo kimya zaidi. Marekebisho ni kwa vidonge vya chuma vya unene tofauti; kabla ya kununua, pima vilivyopo kwa maikromita, maana mara nyingi kuhamisha kimoja kutoka valvu hii kwenda ile kunapunguza idadi ya vya kununua. Hapa vilinunuliwa viwili tu.

Taimingi belti ya 1HZ ni fupi na haitokei kwenye krenki moja kwa moja. Krenki inazungusha gia, gia zinazungusha pampu ya dizeli, na belti inatoka puli ya pampu kwenda kamshafti. Kwa sababu hiyo inabadilishika garini bila taabu, na haipaswi kuhesabiwa kama sababu ya kung'oa injini. Ila ikikatika, pistoni hugonga valvu, na hakuna ajuaye hii ilifungwa lini. Ikaingia mpya pamoja na roli na kikaza chake. Alama zilipangwa, krenki ikazungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, alama zikaangaliwa tena. Asiyezungusha kwa mkono anaiachia stata igundue kosa.

Sili ya nyuma ilikuwa kosa la tatu, lililogharimu siku mbili. Ya kwanza ilinunuliwa kwa simu, ikaja kwenye boksi lenye maandishi mazuri. Mdomo wake ulikuwa mgumu kama plastiki ya ndoo, na chemchemi ndogo ya ndani ilitoka yenyewe ilipopinduliwa. Spea za magari haya zimejaa madukani, iwe Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road jijini Nairobi, na feki zinakaa rafu moja na halisi. Nenda na ya zamani mkononi, linganisha maandishi yaliyopigwa kwenye mpira wenyewe, bonyeza mdomo kwa kidole: uwe laini na urudi haraka. Kabla ya kuifunga, pitisha ukucha juu ya krenki pale sili ya zamani ilipokuwa inagusa. Ukihisi mfereji, usiikalishe mpya palepale. Iingize ndani au iache nje kwa milimita 1 au 2 ili mdomo uguse chuma kizima. Mdomo upakwe oili. Iingie kwa kugongwa sawasawa kuzunguka, na bomba la upana wake au kipande cha mbao bapa. Ikiingia imeinama upande mmoja imeshaharibika, hata ukiinyoosha.

Vizibo vya maji vilisimulia historia ya gari. Viwili vya nyuma ya bloku, mahali ambapo flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki) na bamba lake huficha kila kitu, vilikuwa vyembamba kama karatasi kwa kutu. Miaka mingi ya maji ya bomba. Kulanti, dawa ya maji ya rejeta, haiwekwi kwa sababu ya baridi ya Ulaya. Kazi yake huku ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Vizibo vipya viligongwa na gundi nyembamba pembeni, bloku ikasafishwa kwa maji ya kukimbia hadi yakatoka meupe. Thamostati haikuwepo kabisa. Fundi mmoja aliitoa "gari lisichemshe", na ushauri huo unasikika kila gereji. Bila thamostati injini inakwenda baridi, dizeli haiungui yote, inaosha oili kwenye kuta za silinda na ringi zinalika. Zaidi ya hapo, thamostati ya injini hii ikiwa moto huziba njia ya mkato ya maji; isipokuwepo, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari linachemsha kuliko mwanzo.

Klachi iliingia seti nzima: pleti, prisha, rilizi beringi na ile beringi ndogo ya katikati inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Hiyo ndogo husahaulika kwa sababu ni ya bei ya chini, na ikilia inadai giaboksi ishuke tena. Flaiwili ilichongwa kidogo kuondoa madoa ya bluu ya joto. Pleti iliyolowa oili haioshwi na petroli ikarudi. Inashika wiki moja kisha inatetemeka. Grisi kwenye meno ya shafti iwe kiasi cha kufuta kwa kidole, ikizidi inarushwa kwenye pleti mpya.

Nozeli zilipelekwa kupimwa mnyunyizo na zikarudi na ncha mpya mbili; washa za chini yake zikabadilishwa zote sita, hazirudiwi. Hita plagi zilipimwa kwa mita, na ambayo haina njia ikatupwa. Soma volti iliyoandikwa kwenye plagi ya zamani kabla ya kununua, kwani mikonga mingine inawaka kwa volti 12 na mingine 24. Pampu ya dizeli haikuguswa. Haikuwa inavuja, na pampu ikifunguliwa ni lazima ipimwe upya kwenye benchi yake. Skrubu ya nyuma ya pampu ambayo vijana huizungusha "kuongeza nguvu" inaongeza moshi mweusi na joto, basi.

Kurudisha injini kunataka watu watatu na subira. Shafti ya giaboksi inatakiwa iingie kwenye pleti kwa kunyooshwa, hadi injini na giaboksi vigusane kwa mkono. Pakibaki nafasi ya kidole, usivute kwa bolti. Utapinda pleti au kupasua nyumba ya klachi. Zungusha krenki kidogo, nyoosha jeki, jaribu tena. Hapa ilichukua karibu saa mbili na matusi kadhaa.

Kosa la nne lilikuwa la kijinga kuliko yote. Mkanda wa athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kati ya injini na chasisi ulibaki mezani. Stata ilizunguka kwa uvivu, betri ikashutumiwa, ikaazimwa nyingine. Mtu aligundua pale kebo ya kukanyagia mafuta ilipoanza kutoa moshi: umeme wa stata ulikuwa umepata njia yake huko. Kebo mpya, saa tatu, aibu.

Kuwasha mara ya kwanza: chujio la oili lijazwe kabla ya kufungwa, oili kiasi cha lita 10 iingie na stiki ndiyo iamue, waya wa kukata dizeli ubaki umechomolewa, stata izungushwe kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime. Safari hii geji ilikuwepo. Kisha dizeli ipampiwe kwa mkono kwenye chujio hadi ikaze, waya urudishwe, iwashwe. Ikiwa ya moto ilionesha kilo 0.9 taratibu na 3.8 kwenye mizunguko 3,000, na ubishi wa bea ukaisha. Pua ya gari ilipandishwa kwenye kilima, hita ya ndani ikafunguliwa hadi mwisho, kifuniko cha rejeta wazi, hewa ikatoka kwa mikupuo. Kiasi cha lita 2 za kulanti kiliongezwa baada ya kupoa.

Gharama, kwa ukweli wake: ufundi ulizidi bei ya sili na gaskit zote kwa pamoja, na klachi ilikuwa spea ghali kuliko zote. Hesabu ya mwanzo ilizidi kwa karibu theluthi. Hakuna kitu kimoja kikubwa kilichoizidisha. Ni mchonga vyuma, mchomeleaji, dizeli na petroli ya kuoshea, safari za bodaboda, sili iliyonunuliwa mara mbili, kebo, na oili ya kubadilisha mapema. Siku nne zilizoahidiwa zikawa kumi na moja, na mkonga usiobeba mzigo siku kumi na moja unamla mwenyewe. Siku ya nane mwenye gari alikuja na hasira akitaka injini ifungwe "hivyohivyo". Angeshinda, gaskit ya kipoza oili ingebaki ya zamani.

Klachi mpya ilipewa wiki mbili bila mizigo mikubwa. Kwenye kilomita 1,000 za makadirio oili na chujio vilibadilishwa, bolti za mauntini na za tapeti kava zikakazwa upya, mikanda ya feni ikavutwa kwa kuwa mipya hulegea, na boksi likatandazwa chini usiku kucha. Asubuhi lilikuwa na doa moja, la oili ya giaboksi, kutoka sili ya propela shafti ambayo haikuwa kwenye orodha. Kama gari lina taa ya T-BELT, ya kukumbusha taimingi belti, kwenye dashibodi, irudishwe sifuri siku belti inapofungwa. Katika masoko mengi huwaka kila kilomita 100,000. Hili lenye odometa iliyokufa liliandikwa tarehe kwa rangi nyeupe ndani ya kava ya belti.